Walioifuata Damu ya Baba

Mkono wa kulia wa baba ulianza kutetemeka tukiwa tumeshahamia Chamazi. Majirani walinong'ona kwamba karogwa na ndugu zake wa Kusini. Hospitali walisema ni ugonjwa wa Parkinson, wakampa vidonge.

Miezi michache baadaye wakaja watu wawili, binti na kijana wa kiume, na deli dogo la barafu. Walisema ni watafiti: wanatafuta kinachosababisha ugonjwa huo, ili siku moja watu waweze kuukwepa. Wanataka damu ya baba.

Niliwazuia mlangoni. "Nani kawaelekeza hapa?"

"Kliniki, dada. Mzee mwenyewe alikubali."

Mie hakuniambia. Nikadai vitambulisho, nikavipiga picha. Nikapiga simu kliniki, kwa namba niliyokuwa nayo, si ile waliyonipa wao. Kweli walikuwa wanafahamika, lakini roho haikutulia. Damu inapelekwa wapi? Ikiuzwa nitajuaje? Fomu yao niliisoma mara mbili, nikiwinda uongo.

Baba akaita kutoka ndani, "Waache wapite! Damu ni yangu."

Yule binti alimwamkia shikamoo, akaketi mkekani, akaulizia kazi zake za zamani. Baba akasimulia miaka aliyopulizia dawa mikorosho ya watu huko Kusini, kabla hatujahama, bomba mgongoni, bila glavu wala barakoa. Dawa nyingine aliikoroga kwa mkono.

"Mkono gani?" nikadakia.

Akauinua ule ule wa kulia.

"Ugonjwa haufuati mkono ulioshika dawa, dada," binti alisema. "Na kama chanzo ni dawa kweli, bado hatuna uhakika. Ndiyo maana tunauliza." Kisha akamgeukia baba. "Nguo za kazi alikuwa anafua nani?"

"Marehemu mama yake. Na huyu hapa, tangu ana miaka saba."

Niliikumbuka harufu ya yale maji ya kufulia, kali, ya kuwasha pua. Yule kijana alipomaliza kumtoa baba damu, akaniuliza kama na mie ningetoa. Nilikataa palepale, nikawasindikiza hadi barabarani kuhakikisha wameondoka.

Wiki iliyofuata nilikwenda mwenyewe kliniki, nikakunja mkono wa blauzi. Nilisimamia mpaka chupa ya damu yangu ikabandikwa namba badala ya jina. Nikamuuliza yule binti, ambaye ndiye aliyenitoa damu, majibu yatatoka lini.

"Sijui, dada. Huenda ikachukua miaka."

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini kidogo.