Dada yangu aliposwa na "middleman" wa Tunduru, nikatumwa kumchunguza

Wakuu, salama humu? Ninachowaletea leo kilitokea nyumbani kwetu Mjimwema, Songea, na sijakitia chumvi. Kinahusu neno moja la Kizungu: middleman.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, wanunuzi binafsi wanaanza kuingia vijijini. Baba alikuwa amestaafu ukarani wa chama cha ushirika cha tumbaku, Namtumbo. Kwake yeye, anayenunua bila kulima ni mlanguzi, basi.

Akaja mshenga, mzee wa watu kavaa koti lake. Kaleta posa ya dada yangu Tasila, mwalimu wa shule ya msingi. Mwoaji ni Onesmo, kijana wa hapo hapo Songea, ila yuko Tunduru kwenye mawe ya vito.

Baba akauliza kijana anafanya kazi gani.

"Ni middleman," mshenga akajibu, tena kwa maringo. Naona alidhani ni cheo.

Baba akanigeukia. Nilikuwa nimemaliza Form Six, kwa hiyo mimi ndiye kamusi ya nyumba. Nikasema ni mtu wa kati, anayesimama kati ya mwenye mali na mnunuzi.

"Kwa hiyo halimi, hachimbi, na duka hana?"

"Ndiyo, Baba."

Mshenga akaambiwa asubiri majibu. Mimi nikaambiwa nipande basi la Tunduru nikaone huyo mtu anaishije.

Wakuu, barabara ya wakati ule siielezei. Nilifika nimejaa vumbi na nimeshaamua moyoni kwamba jamaa ni tapeli.

Onesmo akanipokea vizuri mno. Hilo nalo likanitia shaka.

Nikafuatana naye kazini. Mchimbaji analeta mawe yake kwenye karatasi. Mnunuzi, mgeni kutoka nje, yuko ndani ya nyumba aliyopanga na hataki wachimbaji waingie. Onesmo anachukua mawe, anaingia, anatoka.

Mchimbaji mmoja akaninong'oneza, "Hivi huko ndani wanasemaje?"

Nitajuaje? Na mimi nilikuwa nachungulia dirishani kama yeye.

Baadaye mchimbaji yule akapewa chake, akaondoka anacheka. Alicheka kwa kuwa kapata, au kwa kuwa hajui alichopoteza? Mpaka leo sijui. Hapo ndipo kazi hii inaponikera, maana aliye katikati ndiye peke yake anayeona pande zote mbili.

Nikarudi, nikamwambia Baba sijamkamata na kitu.

"Kutomkamata si kwamba haibi," akasema. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Posa ikawa inakufa hivyo, tunaiangalia.

Tasila alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Akaweka ungo chini. Sikuwahi kumsikia akimjibu Baba maishani mwangu.

"Samahani, Baba. Mnamkataa kwa sababu anasimama kati ya watu wawili. Kati yangu na yeye mmesimama wangapi? Mshenga, wewe, na sasa huyu mdogo wangu uliyemtuma Tunduru. Yupo aliyeniuliza mimi?"

Nikaona aibu, nasema kweli. Nimesafiri kote kule kumchungulia mtu, na mwenye jambo nilikuwa nakula naye meza moja.

Baba akauliza kwa sauti ya chini, "Haya mama, wewe unasemaje?"

"Namtaka. Na kama ni mwizi nitamjua kabla yenu, maana suruali zake nitafua mimi."

Baba akacheka mpaka akakohoa. Ndoa ilifungwa kanisani, naye Baba akamsindikiza Tasila.

Wakuu, nilichojifunza: shaka haina ubaya, ila kabla hujamchunguza mtu wa mbali, muulize kwanza atakayeishi naye.

Haya, uwanja ni wenu. Huko kwenu mtu akija kuposa akajiita middleman, mnampa kiti au mnaficha sufuria?