Sijambo ya Kaka Yangu

"Dada, nimuulizeje kaka yako hali yake hata anijibu kweli?"

Swali hilo niliulizwa na rafiki wa kaka yangu, nyumbani kwetu Amu, kisiwani Lamu, nikiwa likizoni baada ya mwaka wangu wa pili wa chuo kikuu huko Kampala, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Mimi ndiye niliyewachosha watu kwa maswali, nikimuuliza kila mkubwa kwa nini mwiko ni mwiko, na sasa nimeulizwa mimi, moja tu.

Yeye alikuwa amekaa kwenye baraza ya daka, nje ya mlango wetu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango ulioachwa wazi nusu, na mama hatua tatu nyuma yangu, akichagua mchele na kusikia kila neno, kama ilivyopasa. Kaka alikuwa amekwenda kusali alasiri.

Yeye na kaka walifundisha skuli moja kule Moshi. Mgeni wetu alikuwa Mchaga, na baba yake na ami zake walikuwa wachukuzi wa mizigo ya wapanda Kilimanjaro. Kaka, mtu wa mchanga na mikoko, alimfuata huko juu kama anayefuata harusi. Walikuwa wamekwisha kupanda mara mbili. Mara ya pili, mgeni alinieleza, walipokaribia ukingo wa juu kabisa, kaka alianza kuyumba kama mlevi na midomo yake ikageuka zambarau.

"Nikamuuliza, hujambo? Akasema, sijambo, alhamdulillahi. Baada ya hatua kumi nikamuuliza tena. Sijambo. Mara ya tatu alikuwa amepiga magoti kwenye barafu, bado ananijibu sijambo, na wewe je, na nyumbani hawajambo?"

Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Alikuwa amemteremsha kwa kamba, akimburuta kwenye changarawe. "Na mwezi ujao anataka tupande tena," alisema. "Nikimkatalia, atakwenda na mtu asiyemjua. Sisi mtu akiugua husema naugua. Nyinyi husemaje?"

Sisi husema sijambo. Hata kwenye matanga mtu huulizwa habari akasema njema, ndipo aeleze nani amekufa. Desturi hiyo nilikuwa nimeikejeli mara nyingi mbele ya wanafunzi wenzangu. Haikunipitia akilini kwamba inaweza kumuua mtu. Tena nilikuwa nimesoma maktabani kwamba hewa ikiwa nyepesi, akili ndiyo hudanganyika mwanzo, mgonjwa akajiona mzima. Kwa hiyo huenda kaka hakuwa hata akisema uongo. Hilo lilinitisha zaidi.

"Muulize hesabu," nilisema. "Saba mara nane."

"Nilimuuliza. Alijibu hamsini na sita, akatapika."

Kaka alikuwa mwalimu wa hesabu.

Mama akasema kutoka ndani, "Mtu haulizwi. Hupawa kazi, akatizamwa mikono."

Akatueleza, mikono yake bado kwenye mchele. Kaka alifundishwa kushona kofia na mjomba wetu wa Siyu. Utotoni kila aliposhikwa na homa alisema hajambo, na mama aliijua homa kwa kutazama vile vitundu vidogo vya kofia vinavyozungushiwa uzi. Vikienda upogo, humlaza.

"Na hiyo anayoshona sasa," mama akasema, "ameifumua mara nne tangu aje."

Nilikwenda nikaitazama. Mstari alioanza kabla ya safari ya mlimani ulinyooka. Uliofuata ulikuwa kama nyayo za kuku.

Kaka aliporudi nilimkabili pale pale mlangoni.

"Hujambo, kaka?"

"Sijambo."

"Hujambo kweli?"

"Sijambo, njema, salama salimini. Ndiyo waliyokufundisha Kampala, kutoamini salamu?"

"Kofia yako yasema jingine."

Aliitazama kofia mkononi mwangu, akamtazama rafiki yake, akajua amesemwa. Kwa muda nilidhani atamfukuza mgeni wetu.

"Sikiliza, bwana," mgeni alisema. "Kwenye kibanda cha mwisho tunawasha moto. Kabla ya kutoka utashona tundu moja mbele yangu. Likipinda, tunashuka."

"Na wewe?"

"Mimi nimezaliwa mlimani."

"Basi nawe utashona. Hatuwezi kufungana kamba moja, mmoja awe mgonjwa, mwingine daktari."

Wiki nzima kaka alimfundisha kushona pale dakani petu, wapita njia wakichungulia. "Tundu gani hili?" nilimsikia akimwambia. "Hapa apita ngamia na shehena yake." Mgeni alijichoma vidole, akatukana kwa Kichaga, akaendelea. Kufikia siku ya kuondoka aliweza tundu la kuonesha watu.

Mimi sikutulia. Nilimwambia mama kwamba kwa baridi ile hata mzima anaweza kushindwa na sindano.

"Basi atashuka mzima," alisema. "Hasara i wapi? Ndia ya kurudi kwao aijua."

Wakaondoka. Siku walizosema watakuwa juu zilifika. Nilisimama juu ya dari nikihesabu pumzi zangu, nikijaribu kukisia mtu anaweza kufanya nini kwa nusu ya pumzi hizo. Nilitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Mama alisoma uradi wake kwa sauti ile ile ya kila siku, nami, nisiyekubali kitu bila hoja, nilimwonea wivu. Jirani alipita akaniuliza, "Mna habari gani za huko?" Nikajibu, "Njema," kabla sijafikiri. Habari sikuwa nayo hata moja.

Barua ilifika na mashua ya Mombasa. Mwandiko ulikuwa wa kaka. Tumegeuka kibandani, aliandika. Mimi ndiye niliyeshindwa. Sikuweza.

Mama alinitaka nimsomee neno hilo mara mbili. Hatukuwa tumewahi kulisikia kwake.

Hawakupanda tena. Walimu wenziwe wa Moshi walimtania miaka na miaka, mtu wa pwani aliyeshindwa na sindano, naye aliwaachia. Mimi nilikifanya kisa hicho ushahidi wangu. Katika kila ubishi juu ya desturi nilikitoa: tazameni, hata mtu wa Amu anaweza kufundishwa kusema siwezi.

Kaka alifariki akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Rafiki yake, mzee naye, alifunga safari kuja kutupa pole. Nikamshukuru kwamba alimfundisha ndugu yangu kusema kweli juu ya hali yake, siku ile kibandani.

Alitikisa kichwa. Kisha akasema kwamba wachukuzi wao safari ile walikuwa baba yake mwenyewe na ami zake wawili. Kichwa kilikuwa kikimpasuka yeye mwenyewe tangu jana yake, na kwa haya mbele yao hakumwambia mtu. Kaka alishona kwanza, akamaliza, tundu likanyooka. Yeye alipopewa sindano hakuliona tundu lilipo. Kaka akaichukua kofia mkononi mwake kabla baba yake hajageuka, akasimama, akatangaza kwamba hawezi kuendelea.

Aliyekuwa mgonjwa ni yeye. Kaka yangu siku ile alikuwa hajambo.