Anayemdai Marehemu Aseme

Mie nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kuazima kofia, akaja kukuzikia baba yako, na huku anakuibia. Sasa najua.

Baba alifariki Mbwera asubuhi, tukazika alasiri. Alikuwa amekopa kwenye kampuni moja ya mikopo ya Kibiti ili anunue mashine ya boti, na mashine yenyewe ikafa kabla yake. Siku hiyo afisa mikopo wa kampuni ile alikuwa huku kwetu visiwani, anakusanya marejesho. Aliposikia msiba akaazima kofia, akaja, akaketi mkekani na wanaume wenzake, na mie nikamwona muungwana kweli.

Kwetu jeneza halinyanyuliwi mpaka watu waulizwe. Baba mdogo akasimama akasema, "Jamani, marehemu aliishi na watu. Anayemdai aseme, sie wafiwa tutabeba." Tangu madrasa tumefundishwa kwamba roho ya maiti haitulii mpaka deni lake lilipwe. Mara nyingi watu hunyamaza, au mwenye kudai kidogo husema nimemsamehe, basi yakaisha. Yule afisa, kijana tu, akanyoosha mkono utadhani yuko darasani.

"Samahani wazee wangu. Marehemu ana salio kwetu."

Loo! Macho yote yakanigeukia mie, mtoto wa kwanza. Ningesema nini, na baba kalala pale mbele yangu? Nikasema deni la baba ni langu.

Ndani hatukuwa na kitu. Kilichokuwepo ni shamba la mpunga la mama, alilorithi kwa baba yake, na ndilo lililotulisha sote. Mama alikuwa ameshaingia eda. Akaniita mlangoni, akaniambia, "Dawa ya deni kulipa. Liuzeni, baba yako apumzike." Mwenye duka wa hapa kijijini akalichukua kwa bei ya kutupa, maana alijua tuna haraka. Afisa akapokea fedha yake yote, na riba, na juu yake faini ya kuchelewa kwa zile siku za matanga. Hakusamehe hata senti.

Mwaka ukapita. Binamu yangu akataka mkopo kwenye kampuni ile ile, akaniomba niende naye Kibiti nikamdhamini. Sikupenda, lakini ndugu ni ndugu. Tukakaa kwenye benchi na wakopaji wapya, na aliyesimama kutufundisha ni yule yule kijana, safari hii kichwa wazi.

"Msiogope," anasema huku anacheka. "Ile hela tunayowakata mwanzoni ni bima. Ukifa leo, bima inalipa, deni limekwisha. Familia yako haiguswi."

Nikasimama. "Baba yangu naye alikatwa?"

"Kila mteja anakatwa, kaka."

"Sasa msibani ulinyoosha mkono wa nini?"

Akanitazama, akanikumbuka. Uso mkavu, hana hata haya. "Nyie ndio mliuliza nani anadai. Mie nikajibu. Halafu bima hailipi hivi hivi, familia inaleta taarifa ya kifo ofisini. Hamkuleta."

"Taarifa? We si ulikuwa umesimama mbele ya jeneza! Si ulitupa udongo kaburini na sisi! Ulitaka marehemu akuletee mwenyewe?"

Watu wakacheka. Mie sikucheka. Meneja akatoka chumbani kwake, akaniambia kwa upole wa watu wa ofisini kwamba tulilipa kwa hiari yetu, muda wa kudai umepita, na nikiona nimeonewa nikashtaki. Nikashtaki kwa nauli ipi? Binamu yangu akanivuta shati, ananinong'oneza, "Kaa chini bwana, utaniharibia." Nikamwacha pale pale, atafute mdhamini mwingine. Wajinga ndio waliwao, na foleni yetu haijaisha.

Nilipofika Mbwera nilimfuata mama kwenye shamba lile lile, sasa la mwenye duka. Mpunga ulikuwa umeanza kuiva na yeye alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha walinzi, akifanya kibarua cha kuamia ndege. Nikapanda, nikakaa kando yake. Njia nzima nilikuwa nimejiapiza nisimwambie, lakini moyo ulinishinda, nikamwambia yote.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo baba yako alizikwa hana deni?"

"Hana, mama. Bima ilikuwepo."

"Na shamba langu litarudi?"

"Halirudi."

Akapiga kelele kufukuza ndege, sauti ikamkatika katikati. Akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Basi shuka, mwanangu," akasema. "Mwenye shamba akikukuta hapa atasema napiga soga, anikate hela yangu."