Nilivyoenda kujitambulisha ukweni Bahi kwa baiskeli, kisa Uholanzi

Wakuu, heshima kwenu.

Hii si chai. Nikiongeza chumvi, mods wanipige ban.

Nilikaa Uholanzi kimasomo. Kule profesa wangu alikuja chuoni kwa baiskeli, na suti yake, mvua inamnyeshea, na hakuna aliyemwonea huruma.

Nikarudi Dodoma kama mtu aliyeokoka. Kila kikao ofisini mimi ni green transport tu: Uholanzi hivi, Denmark vile, sisi tunakwama wapi? Wenzangu waliitikia "kweli kabisa", huku nje wameacha magari yanaunguruma ili wakirudi wakute AC imeshapoza.

Ikafika siku ya kujitambulisha kwa kina mchumba wangu, huko wilayani Bahi. Yule dada nampenda hadi naumwa, na baba yake ndiye wa kusema ndiyo au hapana.

Nikaamua kutoka kwangu Makole, hapa Dodoma mjini, mpaka Bahi kwa baiskeli.

Mchumba akaniambia, "Usithubutu." Nikaona bado hajaelimika. Mshenga wangu alicheka tu, akapanda basi, akaenda zake.

(Ule upepo wa Dodoma mnaujua. Sina la kuongeza.)

Nilifika nina vumbi mpaka kwenye kope. Shangazi yake akatoka, akanitazama, akaitazama baiskeli.

"Mkaa shusha kule nyuma, kaka."

Nilimsikia mshenga ndani anakohoa ili asicheke.

Nikaingia, nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia. Basi nikamwaga somo lote la Uholanzi. Mzee alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Hao watu wa huko, magari wanayo?"

"Wanayo, baba. Wanayaacha nyumbani."

"Basi hao wanajinyoosha. Mimi huyu binti nimemsomesha kwa kubeba mpunga kwa baiskeli, mpaka mgongo ukakataa. Leo nimpe mwanaume wa kumrudisha kwenye keria?"

Wakuu, niliumia.

Tukaambiwa turudi siku nyingine, "tujipange". Tukarudi na Land Cruiser kuukuu la kukodi, linatema moshi mweusi hadi kuku wa jirani wakatawanyika.

Vigelegele! Shangazi yuleyule akatandika kanga nipite juu yake. Mzee alikubali hata chai haijaletwa.

Nilichojifunza: tukilinganisha nchi, tunapenda kusema vijijini kwetu hewa ni safi, hakuna moshi. Ni sawa na kumsifu mtu kwa kufunga wakati ndani hamna unga. Mholanzi amechagua. Baba mkwe hakuwahi kuulizwa.

Tumeshaoana. Kazini bado naenda kwa baiskeli, na vikaoni bado nahubiri.

Ila mzee akija kutusalimia, naifungia stoo.

Mlioishi nje, nyie mliwaeleza nini wazee wenu? Nichaneni, ila taratibu, shemeji yenu naye anasoma humu.