Cherehani Iliyopakwa Mawese

Pudensiana husafisha cherehani za zamani barazani kwake, Mpanda mjini, na mdomo anao. Mpelekee cherehani chafu uone: utasemwa wewe kwanza, ndipo mashine ishikwe. Lakini akishashika bisibisi sauti hushuka, utadhani anaogesha mtoto mchanga.

Juzi Dorika alimletea cherehani ya mkono kutoka Mishamo. Ilikuwa ya marehemu mama yake, aliyetoka nayo Burundi akiwa amejitwika kichwani. Gurudumu lilikuwa limekwama, halisogei hata kidogo.

"Nani kaipaka mawese?" Pudensiana aliuliza, akinusa.

Dorika alionyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara, alikokaa mumewe Zakayo juu ya pikipiki, kichwa chini. "Yule pale. Mwaka juzi, matanga hayajaisha, yeye anaimiminia. Eti mafuta ni mafuta. Mama, ile ndiyo ilikuwa sauti ya mama yangu nyumbani. Nikikumbuka, hata chakula namtengea bila neno."

 Pudensiana aliianika mashine juani mpaka mawese yaliyoganda yakalegea, akayasugua kwa mswaki na mafuta ya taa, kiungo kwa kiungo. Dorika alisimama tu, kashikilia pindo la kitenge. Utando mwekundu ulipotoka, fundi aliinama, akapitisha kidole chini ya meno ya mashine.

"Nyumba yenu inavuja?"

"Ilikuwa inavuja sana. Ndio mwaka huu tumeezeka bati."

"Basi gusa hapa. Hakuna kutu. Ingekaa na unyevu huo bila kupakwa chochote, leo ningekwambia ukauze chuma chakavu. Mumeo kaikwamisha, kweli, ila ndiye kaiokoa. Hajui mafuta, mwanangu, lakini anakupenda."

Dorika aligusa. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Pudensiana ana mwiko mmoja: mshono wa kwanza baada ya kusafisha hashoni yeye, anashona mwenye mali. Aliidondoshea mafuta ya cherehani, akatunga uzi, akasogeza kigoda. Dorika hakukaa. Alienda mpaka ukingoni mwa baraza.

"Baba Suzana," aliita, "njoo unizungushie gurudumu. Mimi nitashika kitambaa."

Zakayo alivuka barabara bila hata kuangalia bodaboda zinazokuja. Pudensiana alimfokea kwelikweli, huku anajifuta macho kwa mgongo wa mkono.