Pacha wa Gari la Orval Tidwell

Siku hizi kila mtu analijua gari lile: la Kimarekani, la mwaka sitini na sita, rangi ya samawati, paa la kukunja, linaruka kutoka ukingo wa korongo la Utah na filamu inaishia hapo. Watu hufunga safari kwenda kupiga picha pale ukingoni. Leota Brandvold, fundi wa kike aliyelitunza, hajawahi kuitazama filamu hiyo mpaka mwisho, na ukimuuliza sababu atakwambia ana kazi za kufanya.

Leota alikulia kwenye gereji ya baba yake mjini Price, kisha akatengeneza magari ya filamu kwa miaka ishirini na mitatu. Kazi hiyo ina desturi yake: gari wanaloigizia waigizaji hutengenezewa pacha, na pacha ndiye anayekufa. Gari la waigizaji safari hii lilikuwa la Mzee Orval Tidwell, aliyelinunua mwaka aliooa, na hakuliuza hata alipofiwa na mkewe. Alimwazima Leota kwa ahadi ya mdomo tu, kwamba litarudi zima.

Siku ya kuruka, Leota aliyamwagia yote mawili vumbi hadi yakafanana kabisa. Kisha, kwa kuogopa kamera isije ikauona, akabandua utepe mwekundu uliokuwa alama ya gari la Orval. La kulia ni la mzee, alijiambia, la kushoto ni pacha. Akaenda zake kula. Huku nyuma watu wa kamera wakayasogeza magari kupisha lori lao, wala hakuna aliyemwambia.

Leota alipomaliza kula, gari moja lilikuwa tayari ukingoni. Likasukumwa, likaruka, likasagika huko chini. Watu wakapiga makofi. Leota alipogeuka, lililobaki lilikuwa limesimama mahali ambapo hakuacha gari lolote. Orval alikuwa ameketi nyuma ya kamera, akimtazama.

"Mwanangu, mbona umekauka hivyo?" akamuuliza. "Lililokwenda ni lipi?"

"Sijui, mzee wangu. Alama niliitoa mwenyewe. Sijui."

Orval hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wakaongozana hadi kwenye gari, hatua arobaini hivi. Paa la pacha lilikuwa limepigiliwa misumari, haliinuki hata ulibembeleze. Leota akaingiza mkono, akabonyeza swichi, akafumba macho.

Kimya. Halafu mota ikaguna, na paa likaanza kuinuka taratibu, likiwamwagia vumbi vichwani.

Leota alilia bila haya, mbele ya watu wote, kwa furaha tupu. Mzee akajikung'uta, akasema vumbi lote hilo ataliosha yeye mwenyewe Leota, tena kwa mswaki. Akatoa funguo mfukoni. Zikamponyoka. Akaziokota, zikamponyoka tena.

"Endesha wewe, binti yangu," akasema. "Mimi mikono imenikataa."