Mikono ya Delphia

Kwa miaka arobaini ukoo wa Ratliff ulimwachia Delphia kazi moja kila Mei: kung'oa mmea wa sumu uitwao "majani matatu" kwenye makaburi ya kilimani kabla ya Jumapili ya kuyapamba. Wengine wakiugusa tu mtambaa ule, mafuta yake huwawasha kuliko upupu, wakatoka malengelenge wiki nzima. Delphia aliung'oa mikono mitupu. Wanaume wazima walisimama mbali wakimpigia makofi, na tuseme kweli, alivimba kichwa.

Mwaka huu, akiwa na miaka sitini na moja, ngozi yake ilimgeuka. Aling'oa Jumatano, Ijumaa mikono ikaumuka, shingo ikawaka moto.

"Mganga kaumwa na nyoka wake!" alicheka Oma, dada wa marehemu mumewe. Ghafla kicheko kikamkauka. "Wifi, Jolene si analeta mtoto Jumapili? Usimguse. Maji ya hayo malengelenge yakimdondokea, umemmaliza."

Jolene ndiye binti pekee wa Delphia, yuko Ohio, na mjukuu huyo wa wiki saba alikuwa hajamwona ila kwenye simu.

Jumamosi alfajiri alikuwa mlangoni pa zahanati kabla hawajafungua.

"Maji ya malengelenge hayaambukizi mtu, mama," muuguzi alimwambia. "Shida ni mafuta ya mmea. Yanakaa kwenye nguo, kwenye mpini wa jembe, hata kwenye manyoya ya mbwa. Osha kila kitu kwa sabuni. Na mliyoyang'oa msiyachome, moshi wake unaingia mapafuni."

"Lakini mimi mmea huo haunishiki."

"Ulikuwa haukushiki."

Akarudi nyumbani, akaanza kuosha. Viatu na kamba zake. Majembe. Usukani wa gari. Mbwa alikimbilia uvunguni mwa nyumba, akavutwa mkia, akaogeshwa akilia. Delphia akiketi dakika moja, anakumbuka kitasa cha mlango. Akirudi, anakumbuka mpini wa birika. Mikono yenyewe aliisugua kwa sabuni ya vyombo na maji baridi hadi ikamuuma. Bado hakuiamini.

Jumapili kilima kilijaa maua, kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi. Delphia alijibanza kwenye benchi la mwisho, shati la mikono mirefu limefungwa hadi shingoni. Jolene akaja moja kwa moja kwake, mtoto kifuani.

"Jolene, weee! Usimpe!" Oma alipiga kelele, na ukoo mzima ukageuka.

Delphia alificha mikono nyuma. "Msikilize shangazi yako, mwanangu."

"Mama, zahanati wamesema nini?"

"Wamesema haiambukizi, ilimradi nimeosha mafuta."

"Umeosha?"

"Mpaka mbwa."

Jolene alicheka, machozi yakimlenga. "Basi lete mikono."

"Wao nawaamini, Jolene. Mikono ndiyo siiamini."

"Mimi naiamini. Ndiyo iliyonilea." Akaketi kando yake, akamlaza mtoto mapajani mwa Delphia. Hakusubiri ruhusa ya mtu.

Mtoto alipiga mwayo, akashika kidole cha bibi yake, akalala. Shingo ya Delphia iliwasha kama imepakwa pilipili. Alikaa hivyo mpaka chakula kikaisha, na hakujikuna hata mara moja.